Nywila Ndefu ya Karani wa Zahanati

Karani wa mapokezi hainuki kitini kabla ya kufunga kompyuta yake, hata akifuata maji hatua tatu tu. Akirudi huandika nywila ndefu kwa vidole viwili, midomo ikimchezacheza, huku wagonjwa wakiguna kwenye foleni. "Dada, si uweke fupi tu?" muuguzi humwambia, naye hucheka. Asubuhi moja alikwenda kabatini kuchukua fomu. Aliporudi, alimkuta mwanamume ameinama juu ya kaunta, shingo ameinyoosha mpaka kwenye kioo cha kompyuta, nacho ni cheusi tii.

"Nataka kujua mke wangu alitibiwa nini jana."

"Shemeji, muulize mwenyewe," karani alisema taratibu.

Mwanamume alipotoka, karani aliandika nywila. Alikosea, akaandika tena, kisha akamwita mgonjwa aliyefuata.