Darubini Iliyoandikwa Forodhani

Mgeni wangu alishuka garini na darubini shingoni, akarudi shingo tupu.

Nilipomuuliza iko wapi, akasema imepotea, kisha akageukia dirishani.

Wadau, mtu aliyepoteza darubini hatulii hivyo. Angenitaka tugeuze gari palepale.

Ilikuwa 1985. Mimi ni Marseli wa Buger, na nilikuwa na mwaka mmoja tu kwenye udereva wa watalii. Mgeni aliitwa Henriki, mzee mpole mwenye Kiswahili cha kuokoteza.

Tulipoingia Namanga, mtu wa forodha aliiandika darubini ile kwenye fomu. Mgeni halipii ushuru vitu vyake vya safari, ila lazima atoke navyo. Akiuza au kugawa, ushuru unalipwa.

Na miaka ile kitu cha nje kikiyeyuka, wa kwanza kukamatwa ni dereva. Watu waliitwa wahujumu uchumi kwa sababu ya sabuni tu. Niliogopa, sifichi.

Nikaanza kumtafuta mchawi. Tulikuwa tumesimama bomani kwa Kisioki, mfugaji wa kule juu Ngorongoro niliyezoea kupita kwake. Yeye na mgeni walikaa nyuma ya zizi nusu saa nzima, mimi nikibadilisha tairi.

Kesho yake asubuhi nikarudi peke yangu. Kisioki alikuwa kilimani, darubini machoni, akiangalia ng'ombe wake mbali huko. Aliponiona akaisukuma chini ya lubega.

Nikasema huyu huyu. Sikumuuliza neno, nikaenda moja kwa moja polisi. Kufika mchana Kisioki yuko ndani.

Askari aliitwa Lengai, Mmaasai mzaliwa wa Enguserosambu. Alitaka mwenye mali aje, nikamleta Henriki. Alipoulizwa kama anamfahamu mtuhumiwa, akatikisa kichwa huku anaangalia sakafu.

Kisioki akatolewa. Akamtazama mgeni, akasema taratibu, "Pakerr."

"Pakerr," Henriki akaitikia, kabla hajajizuia.

Lengai akaweka kalamu chini. "Nani alimpa mwenzake kondoo?"

Mimi nilikuwa nimetoka kapa. Akanifafanulia kwamba kwa Wamaasai, watu wakipeana kondoo, majina yao ya zamani wanayaweka kando. Kila mmoja anamwita mwenzake Pakerr, maisha yote. Hakuna anayemwitikia mwizi wake hivyo.

Henriki akawa mwekundu, akasema ukweli. Kisioki alimpa kondoo, naye akaona aibu kuondoka bila kutoa kitu, akavua darubini. Kabla hatujaondoka akaikumbuka ile fomu. Akamwambia rafiki yake aifiche, kwa kuogopa kuitwa mvunja sheria.

Lengai alimwambia kosa ni kunyamaza, zawadi inasemwa na kulipiwa. Kweli, siku ya kutoka mgeni alisema pale Namanga, akalipa ushuru, na haikuchukua hata dakika kumi. Kwa dakika hizo kumi mtu alikuwa aende jela.

Siku ileile Kisioki alipoachiwa, nilimwomba msamaha mlangoni pa kituo.

"Yule mgeni aliogopa karatasi," akasema. "Wewe umekunywa maziwa kwangu mwaka mzima, na hukuniuliza."

Nilipita bomani kwake miaka mingine sita, na maziwa sikunyimwa hata siku moja. Ila jina langu hakulitamka tena. Aliniita dereva.

Kushuku ni ruksa, ndugu zangu. Lakini kabla hujamfikisha mtu polisi, muulize kwanza.