Bonge Golini

Mwenzangu wa chumba bwenini akiamka tu alikuwa akibana nyama ya mkono wake kwa vidole, kisha akijigeuza upande upande kwenye kioo, tumbo kalivuta ndani mpaka pumzi inamwishia. Mchana alikunywa maji tu, akisema kwa sauti ya chini, "Nimeshiba, shoga yangu," huku tumbo likimsuta kwa kunguruma. Alijiita Bonge kabla mtu hajamwita, akacheka yeye kwanza.

Jumamosi moja timu yetu ya netiboli ilipungukiwa mlinzi. Nahodha akamshika mwenzangu mkono: "Dada, tusaidie, simama hapa golini." Akasimama. Mfungaji wa timu pinzani, mrefu kama mlingoti, akamparamia tena na tena, na kila mara aliyerudi nyuma ni mfungaji. Kipindi cha pili mwenzangu akashikwa na kizunguzungu, akaketi chini.

"Umekula nini leo?" nahodha akamuuliza.

"Sijala."

Hakuna aliyemcheka. Nahodha akampa mkate wake mwenyewe, akakaa kando yake. "Kula taratibu. Bila wewe tunafungwa."

Akala wote, mbele ya watu, macho yakiwa uwanjani. Alipomaliza akajipangusa makombo, akainuka. "Yule mrefu bado yupo?"