Mhadhara Niliokariri Mpaka Ukanitoa Jasho

Wenzangu, acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari pale Kabuga. Muhula uliopita niligundua mtandaoni mihadhara ya chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, yote bure! Kuna profesa mmoja anafundisha mpaka unatamani kumpigia makofi. Nikamkariri neno kwa neno, hata anavyorusha mikono, nikaenda kumwaga yote darasani.

Wanafunzi walisisimka! Maswali yakawa mengi, wa darasa la jirani wakaanza kuchungulia dirishani. Mkuu wetu wa shule, Madamu Imakulata, akaniuliza siri yangu ni nini. Ningemwonyesha tu ule mtandao, walimu wote wakafaidi. Lakini sifa ni tamu jamani! Nikamjibu, "Ni kipaji tu, Madamu."

Basi Ijumaa akawaleta walimu wenzangu wakae nyuma, wajifunze kwangu. Mada ilikuwa msuguano. Kichwa kilikuwa kimevimba, mdomo ukawa unakimbia wenyewe kama nilivyokariri:

"Mfano ni mimi hapa. Leo asubuhi nimefungua mlango, nikakanyaga theluji, nikateleza mpaka barabarani!"

Wanafunzi wakatazamana. Madamu akavua miwani.

"Mwalimu Kalisa," akauliza taratibu, "hiyo theluji imeanguka huko kwako Ndera tu, ama na sisi wa Kabuga imetupita tukiwa tumelala?"