Alama Nyekundu Ishirini na Nane

Saa nane na dakika kumi na saba mchana, siku ya Jumamosi, niliandika herufi ya mwisho kwenye fumbo la maneno la gazeti la Kiingereza, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hapakubaki mraba mtupu. Niliitazama saa ya ukutani ya chumba cha mizani kwa sababu nilitaka kuikumbuka dakika hiyo. Naikumbuka, lakini si kwa furaha niliyoitarajia.

Nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kutia mananasi kwenye makopo, Thika. Lori likiingia napima, likitoka napima, naandika tofauti. Shule niliiacha darasa la nne, kwetu magharibi, baba alipofariki. Mengine yote nilijifunza mwenyewe. Wakati huo nilikuwa nikisoma hesabu za biashara kwa njia ya posta, na ulikuwa umebaki mtihani mmoja. Ada yake ilipaswa kulipwa kabla ya mwisho wa mwezi, na mshahara wangu haukuitosha. Zawadi ya fumbo, kwa upande mwingine, ilikuwa imelimbikizwa wiki tano bila mshindi. Ingelipa ada na chenji ikabaki. Mtihani huo ndio uliokuwa njia ya kutoka kwenye mizani kuingia ofisi ya hesabu, na sikuijua njia nyingine.

Watu hudhani mafumbo yale yanataka akili nyingi. Yanataka kutomwamini aliyeyatunga. Kila dokezo lina vipande viwili: kimoja kinaeleza maana ya jibu waziwazi, kingine kinakuamuru ufanye jambo fulani kwa herufi, uzivuruge, uzigeuze, au utafute neno lililofichwa ndani ya maneno mengine. Mtungaji huviunga vipande hivyo visionekane vilipoungana. Kazi yako ni kujua pa kukata. Kwa miaka miwili sikupata hata fumbo moja zima. Kila Jumamosi nilinakili madokezo upande wa kushoto wa daftari, na Jumamosi iliyofuata nilinakili majibu upande wa kulia. Katikati niliacha nafasi ya kuandika kwa nini. Nyingine zilikaa tupu kwa miezi. Kulikuwa na mito ya Uingereza ambayo sijawahi kunywa maji yake, na maneno ya mchezo wao wa kriketi. Sikuliacha dokezo lolote mpaka nijue sababu.

Nilihitaji anwani ya kuandika kwenye kuponi, karatasi ya majibu inayokatwa gazetini. Barua za Waafrika zilizopitia sanduku la kiwanda zilifika mezani kwa msimamizi zikiwa zimefunguliwa. Serikali imetangaza Hali ya Hatari, walisema, kana kwamba hiyo iliwapa ruhusa ya kusoma hata salamu za mama yangu. Sikutaka yule mtu aguse kuponi yangu. Kwa hiyo nilipanda garimoshi la jioni hadi Ruiru, nikaenda Gitothua nilikopanga chumba, nikabisha kwa jirani yangu mwalimu. Shule yake ilikuwa na sanduku la posta.

Nilimkuta akisahihisha madaftari, wino mwekundu mbele yake. Mkewe alikuwa mlangoni akiambua maharagwe.

"Karani, umenipimia nini leo?" mwalimu aliuliza.

"Nimeleta kuponi, Mwalimu. Naomba anwani ya shule na bahasha."

"Anwani ya shule si kamba ya nguo kila mtu aanike yake. Kaa. Nitaikagua kwanza."

Alisoma dokezo la kwanza mara mbili, akaliweka chini. "Hii si sentensi. Mtoto akiniandikia hivi namchapa."

Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu, lakini alikuwa akikiamini. Nikaona nimtungie la Kiswahili. "Sikiliza, Mwalimu. Samaki aliyevurugwa hutoka puani. Herufi sita."

"Samaki hatoki puani."

"Kamasi," alisema mkewe bila kuinua kichwa.

"Nani amekuuliza?"

"Samaki ameniuliza."

Nilimwonyesha mwalimu: herufi za samaki, ukizivuruga, ndizo herufi za kamasi; na kamasi ndiyo itokayo puani. Alizihesabu kwa ncha ya kalamu kama anayehesabu kondoo wa mtu mwingine. Akataka jingine. Nikasema, "Amani ikirudi nyuma, pinda mgongo. Herufi tano."

Hili alilipata mwenyewe. Aliandika neno kwa kidole mezani, akalisoma kutoka mwisho: inama. Hakucheka. Alitazama nje. Kambi ya askari walinzi haikuwa mbali, na yeye, tofauti na mimi niliyetoka magharibi, hakuweza kufika hata Thika bila kibali.

"Hilo usiliandike popote," alisema kwa sauti ya chini.

"Sijaliandika."

"Na usiliseme tena katika nyumba hii."

Baada ya hapo tulipitia majibu yote ishirini na nane. Mimi nilieleza kutoka daftarini, yeye akauliza, na kila aliporidhika aliweka alama nyekundu ya tiki kando ya maelezo yangu. Namba kumi na saba alinibishia robo saa nzima kabla ya kukubali. Nakiri nilifurahi. Hakuna mtu aliyewahi kuisahihisha kazi yangu tangu darasa la nne. Saa ya kafyu ilipokaribia nilimwachia kuponi aitie kwenye bahasha shuleni Jumatatu.

Sikumsomea masharti. Yalikuwa yamechapishwa chini ya kuponi kwa herufi ndogo, sita kwa jumla, na la nne lilisema kwamba kuponi yenye maandishi yoyote zaidi ya majibu, jina na anwani haitapokelewa. Lakini mwalimu hasomewi masharti. Ndivyo tulivyolelewa: ukimpa mwalimu karatasi, yeye ndiye anayekuambia ina nini.

Gazeti la Jumamosi iliyofuata lilichapisha majibu. Niliyalinganisha na daftari langu mara tatu, mara ya mwisho nikianzia chini. Yote yalikuwa sawa. Chini yake iliandikwa kwamba hakuna mshindi na zawadi itaongezwa. Nilidhani barua imechelewa. Nilidhani posta imeipoteza. Nilimfikiria hata msimamizi wa kiwanda, na nikamchukia kwa siku tatu kwa jambo ambalo safari hii hakulitenda.

Jumanne mwalimu aliniita nyumbani kwake, akanipa barua iliyorudi shuleni. Ndani mlikuwa na kuponi yangu na kipande cha karatasi chenye mistari mitatu: haikupokelewa, sharti la nne. Kwenye kuponi, kando ya kila jibu, palikuwa na tiki nyekundu. Ishirini na nane. Na chini, kwa mwandiko ule mzuri wa ubaoni: *28/28. Vizuri sana. Tengeneza mwandiko.* Kisha sahihi yake.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Alama zako."

"Nani alikuomba alama?"

"Karani, kule Nairobi wangejuaje kwamba kazi ya mtu wa mizani ni ya kweli? Niliweka jina langu ili waiamini."

Alisema hivyo kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. Alikuwa amenihurumia. Alikuwa ameketi na wino wake, mimi nikiwa nimelala, akanidhamini.

"Hawakutaka mdhamini," nilimwambia. "Katika nchi hii nzima palikuwa na mahali pamoja tu ambapo hakuna aliyeniuliza cheti, wala kipande cha kitambulisho, wala kabila. Miraba ile tu. Ukaenda ukaweka cheti chako juu yake."

"Aca," alikataa kwa lugha ya kwao. "Karani, usinipigie kelele mbele ya watoto."

"Sipigi kelele. Nasoma masharti."

Nikayasoma yote sita, nimesimama, kwa Kiingereza na halafu kwa Kiswahili, polepole, kama yeye anavyowasomea darasa la pili. Nilikusudia kumwaibisha na nilifaulu. Yeye aliitazama kofia yake iliyokuwa gotini.

"Ungeyasoma Jumamosi ile," alisema mkewe.

Alisema kweli, na kwa kuwa alisema kweli hasira ilizidi. Nilitoka bila kuaga. Tangu siku hiyo nimejiuliza nilimkasirikia nani zaidi: yeye asiyeweza kuona karatasi ikapita bila kuitia wino, gazeti lililokuwa na majibu yangu sahihi mkononi likayarudisha kwa sababu ya rangi ya kalamu, au mimi niliyetilia shaka kila neno la mtungaji wa mafumbo kwa miaka miwili, halafu nikashindwa kumtilia shaka jirani. Miaka haijanipa uamuzi. Hasira ipo ileile, nami nimekoma kuitafutia mwenyewe mmoja.

Mwezi uliisha na uandikishaji wa mtihani ukafungwa. Mwaka uliofuata waliubadilisha mtaala, na masomo mawili niliyokwisha kufaulu hayakuhesabiwa tena. Nilibaki mizanini.

Siku ya mshahara ya mwezi uleule wa kuponi mwalimu alikuja chumbani kwangu na bahasha ya shule. Ndani mlikuwa na noti ya shilingi ishirini.

"Hizi ni za mwezi huu," alisema akiwa mlangoni. "Nitaleta nyingine."

Nilijua mshahara wa mwalimu, na nilijua watoto wake ni wangapi. Nilizichukua. Sikumshukuru. Nilimwambia asilete nyingine, kwa sababu sikutaka kumwona mlangoni pangu kila mwezi, na hakuleta. Zawadi ilikuwa shilingi mia tatu. Nikitoa ishirini zake, nilipoteza shilingi mia mbili na themanini.