Nitamalizia Mwenyewe

Wanafunzi wenzake walimwita Mkuu, kwanza kwa heshima, baadaye kwa kejeli. Kila Jumamosi aliwaongoza kwenda kufua mashuka ya wodi ya wazee, kazi ya kujitolea, na kila Jumamosi mikono yake myembamba, iliyobabuka kwa sabuni, ilifuata nyuma ya mikono yao. Shuka walilolikamua alilikamua tena. Kamba waliyoifunga aliifungua, akaifunga upya. "Acheni tu, jamani, nitamalizia mwenyewe," alisema, kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Aliogopa jambo moja, kundi lisije likamfia mikononi. Wenzake wakapungua mmoja mmoja, kama maji kwenye ndoo yenye ufa, naye akazidi kukaza mikono.

Mwishowe akabaki na mmoja, msichana mcheshi aliyezoea kuwavunja mbavu hata wauguzi. Mkuu alipolianua shuka aliloanika msichana huyo ili alianike upya, msichana alijifuta povu viwikoni. "Dada Mkuu, hivi mimi hapa ni mtu au kamba ya kuanikia?" aliuliza, safari hii bila kucheka. "Haya, malizia mwenyewe." Akaondoka.

Mkuu alianua shuka kubwa lililokauka ili alikunje. Akashika pembe mbili, akalibana kwa kidevu, akanyoosha mikono kadiri alivyoweza. Upande wa pili ukagusa tope. Akafumbua mdomo aseme, "Shika huku," maneno ambayo hakuwahi kumwambia yeyote. Uani zilibaki kamba tu. Akalirudisha shuka kwenye beseni.