Wimbo wa nne kwenye albamu ya Wambui

Ndugu na marafiki, kwa heshima kubwa natangaza kwamba leo nimesikiliza albamu nzima bila kusinzia.

Ni ya binti yangu, Wambui. Ameirekodi chumbani kwake hapa Membley: gitaa, violin mbili, na kompyuta inayonguruma kama friji yetu.

Nyimbo tatu za kwanza nilitikisa kichwa kama mtu anayeelewa.

"Baba, hapo hakuna mdundo."

"Najua. Naungojea."

Akacheka.

Halafu ukaja wa nne. Sauti ndogo, karibu kunong'ona. Unasimulia mtoto: amevaa viatu vizuri, amekaa kwenye ngazi, anamngoja babake atoke Thika. Babake haji.

Mnaonijua mnakumbuka ile miaka miwili niliyohama nyumbani nikaishi Kamenu, kule Thika.

Wimbo ukaisha. Wambui hakuniangalia.

"Unaonaje?"

Nikasema, "Violin zimetoka vizuri."

"Asante, Baba." Akazima spika.

Mtauliza kama nililia. Wapi! Mwili wote ulikuwa kama jino lililodungwa ganzi. Hata sasa.

Lakini zile Jumamosi alizokuwa akiningoja sikuwa kazini, ingawa ndivyo nilivyomwambia. Nilikuwa kitandani Kamenu, macho kwenye dari, nikiogopa kuja.