Nilipiga Vigelegele, Kumbe Aliyekamatwa Ni Kaka Yangu

Jina langu lifichwe, tafadhali, na la kijiji cha mume wangu pia, maana huku mpakani watu wanajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mama wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Nabuyoga, nimeolewa Busia, upande wa Uganda. Nauza dagaa wa Majanji, hawa tunaowaita mukene. Mume wangu ni wakala wa mizigo pale Malaba. Tuna binti mmoja, hajafikisha mwaka, bado ananyonya. Najua wengi wenu mmeshatoa maoni kuhusu kesi hii. Nimeyasoma yote, hata ya kwenye ukurasa huu. Leo nisomeni na mimi.

Yule msichana wa chuo aliyeuawa Tororo, ambaye picha yake mmeisambaza na mishumaa, alikuwa wifi yangu, kitinda mimba wa mama mkwe. Nitamwita Nafula, ingawa si jina lake. Akija likizo tulikuwa tunacheka mpaka mama mkwe anagonga ukuta. Siku ya mazishi nilimshika mama mkwe mkono, na sikumwachia mpaka kaburi likafunikwa.

Polisi walipotangaza kwamba wamekamata mtu, nilikuwa sokoni. Soko zima lililipuka. Mimi nilipiga vigelegele kushinda wote, nikasema huyo apewe wananchi wammalize, serikali isijisumbue. Kisha mwenzangu wa meza ya pili akaletewa picha kwenye simu. Akaitazama, akanitazama mimi, akataka kuificha. Nikamnyang'anya simu. Alikuwa kaka yangu, tumbo moja, tumeachiana ziwa, amefungwa pingu na shati limechanika. Vigelegele vya wenzangu vilikuwa bado vinaendelea.

Kaka ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na chuo. Simu ya Nafula imekutwa kwake. Yeye anasema aliletewa atengeneze kioo, na mwenyewe hakurudi kuichukua. Na nani alimwelekeza Nafula kwenye kibanda hicho? Mimi. Nilimwambia ukipata shida yoyote Tororo, kaka yangu yupo. Siku hizi nikipita sokoni nasikia, "Ndiye huyo alipeleka mtoto ya watu kwa mchinjaji." Wateja wangu wa miaka wananiruka, wananunua meza ya mbele.

Mtaniuliza kama ameua. Sijui! Ningejua, hata usingizi ningepata. Kuna saa namlilia Nafula na kumlaani kaka, na kuna saa namkumbuka kaka akinibeba kuvuka mto tukienda shule, ingawa mimi ndiye mkubwa, kwa sababu niliogopa maji.

Mahabusu huku anategemea ndugu zake wamletee chakula. Mama yangu amevimba miguu, hatoki Nabuyoga. Alinipigia simu akasema, "Mwanangu, kaka yako hajala. Hata kama ameua, mtu anakula." Nikasonga ugali wa wimbi, nikaunga mukene kwa karanga, nikaenda Tororo. Kaka alikula bila kuinua macho. Alipomaliza akaniuliza, "Dada, wewe unaamini ni mimi?" Nilikusanya vyombo nikatoka. Hilo linanichoma mpaka leo.

Pale getini kulikuwa na watu waliokuja kudai haki, na mmoja wao alinipiga picha nikiwa na kapu. Kabla sijafika Busia ilikuwa imeshasambaa: "Huyu ndiye anayemlisha muuaji." Mtu akaandika tuchomwe ukoo mzima. Watu wakampongeza. Nataka mjue kwamba katika huo ukoo yumo mtoto asiye na jino hata moja.

Nilikuta sufuria zangu nje, uani. Mama mkwe hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema, "Kwetu, damu ikiingia katikati ya koo mbili, watu hawakuli chungu moja mpaka wazee wachinje kondoo. Mimi nilinyamaza, nikasema wewe ni mtoto yangu, endelea kupika. Lakini sasa mkono yako imelisha ile kijana. Haiwezi kulisha sisi tena."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake. "Sikia tu mama," akasema.

Sufuria ningezivumilia. Lakini mtoto alianza kulia, nikakaa nimnyonyeshe, na mama mkwe akamtoa kifuani pangu polepole, kama anayeokota yai.

"Na hiyo pia," akasema. "Hiyo pia ni chakula."

Tangu hapo wanampa maziwa ya ng'ombe kwa kikombe na anayatema. Jumamosi wazee wa ukoo wanakaa. Nikikubali mbele yao kwamba sitampelekea kaka chakula tena mpaka kesi iishe, wataninawisha mikono kwa dawa yao na nitarudishiwa mtoto. Nikikataa, nirudi Nabuyoga peke yangu, maana mtoto ni wa ukoo wa baba. Na kesi za huku mnazijua, zinaweza kuzeesha mtu. Jamaa zetu wengine wote wameingia mitini tangu picha yangu isambae, kila mmoja anaogopa kuwa wa pili.

Naandika haya nimekaa uani, maziwa yamelowesha gauni, na mwanangu namsikia analia ndani. Mama naye anapiga simu na siipokei, kwa sababu najua atakachosema: kaka yako hajala.

Siku ile ya kukamatwa wote tulikuwa na majibu, mimi nikiwa wa kwanza. Basi nipeni na la leo, ndugu zangu. Hawa wawili wote wananingoja mimi. Nimlishe nani?